Kusakinisha Mfumo Mpya: Kalamu ya Lamu na Matoleo ya Mifumo ya Kompyuta

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, nalo ni kuchagua toleo jipya la mfumo wa kompyuta na kulisakinisha katika mashine. Tumelitazama jambo hili kutoka mahali pamoja, yaani visiwa vya Lamu: Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, visiwa hivi ni miongoni mwa mahali ambapo fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ilistawi mapema na kwa wingi. Pili, lahaja zake, yaani Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu, hazikuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Basi mtu wa Lamu anayetaka kuiandika lugha yake kwa kompyuta hukutana upesi na vizuizi ambavyo mwandishi wa Kiswahili sanifu havioni kamwe.

Hoja yetu ni kwamba mfumo mpya wa kompyuta hauji mtupu. Huja na maamuzi ya kale kuhusu herufi na lugha, na mengi kati ya maamuzi hayo yalifanywa mbali na Lamu. Kwa hiyo swali la toleo lipi lisakinishwe ni swali la elimu ya lugha, kama lilivyo swali la ufundi na la fedha.

Maana ya baadhi ya istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze maneno machache. Mfumo wa uendeshaji ni programu mama inayosimamia mashine nzima: hupokea herufi kutoka kwenye kibodi, huzionyesha kwenye kiwambo, huhifadhi mafaili, na huziruhusu programu nyingine kufanya kazi. Windows ya kampuni ya Microsoft ni mfumo mmojawapo. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, ni mwingine. Toleo ni mfumo huohuo ulioandikwa upya au kurekebishwa na kupewa jina au namba mpya.

Kusakinisha ni neno lililoenea katika karne hii. Asili yake ni kitenzi sakini, yaani kukaa mahali na kufanya makao. Anayesakinisha mfumo, basi, anaukaribisha mgeni akae, wala si apite tu. Maneno pakia na pakua hayakuhitaji kuundwa, kwani mabaharia walikwisha kuyatumia kwa shehena ya jahazi kabla hayajatumiwa kwa mafaili. Tunayataja haya ili msomaji aone kwamba umaskini wa msamiati haukuwa kizuizi kikubwa kati ya Kiswahili na kompyuta. Kizuizi kikubwa kilikuwa katika herufi.

Uamuzi wa kwanza: herufi na lahaja

Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili kwa mkono wake tenzi nyingi ambazo leo zimo katika maktaba za Ulaya, na Ernst Dammann alichapa mkusanyiko wa tungo za lahaja ya Lamu mwaka 1940. Kazi hizi zote zilitoka katika utamaduni wa kuandika kwa herufi za Kiarabu.

Herufi hizo, kama zilivyotumiwa zamani, hazikutosheleza sauti zote za Kiswahili. Kiarabu hakina p, v wala ch, na g yake si ile ya Kiswahili. Waandishi wa kale waliazima herufi za jirani: ba ilisimama mahali pa p na hata pa mb, fa ilisimama mahali pa v, ghain mahali pa g na ng. Irabu e na i zilitumia alama moja, na o na u vivyo hivyo. Kwa hiyo umbo moja lingeweza kusomwa baba, papa, pamba au bamba, na msomaji alitegemea maana na mizani ya shairi kumwongoza. Vilevile kufua nguo na kuvua samaki viliandikwa namna moja. Baadaye waandishi walitia vitone vya ziada: ba yenye vitone vitatu chini kwa p, fa yenye vitone vitatu juu kwa v, jim yenye vitone vitatu kwa ch, na ghain yenye vitone vitatu kwa g. Marekebisho haya yaliendelea hadi karne ya ishirini, na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa pamoja na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo kamili ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Lakini njia kuu ilikuwa imekwisha kuelekezwa kwingine. Herufi za Kilatini zilitangulia kushika ofisi na shule za serikali. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kiunguja hakitofautishi t mbili ambazo lahaja za kaskazini huzitofautisha, moja ikitamkwa kwa ncha ya ulimi kwenye meno na nyingine kwenye ufizi. W. E. Taylor, aliyechunguza Kimvita katika karne ya kumi na tisa, alizitia alama maalumu. Tahajia sanifu haikuzihitaji alama hizo, nayo ikaziacha.

Hapa pana jambo ambalo wajumbe wa mwaka 1928 wasingeweza kulijua. Kwa kuacha alama zote za ziada, walikipa Kiswahili sanifu tahajia inayoingia bila shida katika mashine yoyote iliyoundwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, na c huja pamoja na h tu. Hata ng' huandikwa kwa alama iliyopo tayari kwenye taipureta. Sahali hiyo ilikuwa faida kubwa kwa taifa zima, na gharama yake ilibebwa na wale ambao sauti zao na herufi zao ziliachwa nje.

Kutoka kwenye herufi hadi kwenye namba

Kompyuta haijui herufi, hujua namba. Kila herufi lazima ipewe namba, na herufi isiyo na namba haipo. Mwaka 1963 Wamarekani walitangaza kanuni iitwayo ASCII, ambayo ina nafasi 128 tu. Kiswahili sanifu kilienea humo chote. Kiarabu hakikuwemo.

Katika miaka ya 1990, matoleo ya Windows yaliyokusudiwa nchi za Kiarabu yalitumia jedwali la namba lililoitwa 1256. Jedwali hilo lilikuwa na nafasi 256, na pamoja na herufi za Kiarabu liliingiza nne zilizojulikana kwa Kiajemi: p, ch, g, na zh. Tulitazame jedwali hili kwa jicho la mwandishi wa Lamu. Angeikuta p yake na ch yake, ingawa hazikuwekwa kwa ajili yake. Angeikuta g, lakini ya umbo la kaf, wala si ghain yenye vitone ambayo wenzake waliizoea. V asingeiona kabisa. Angelazimika kurudi kwenye fa ya wazee wake, yaani mashine mpya ingemrudisha kwenye utata uleule ambao waandishi walikuwa wamekwisha kuuondoa kwa kalamu ya mwanzi.

Watu wenye shida ya namna hii, katika lugha nyingi za dunia, walitumia hila. Walitengeneza fonti ambazo umbo la herufi inayotakiwa lilipachikwa katika nafasi ya herufi nyingine. Kwenye kiwambo na kwenye karatasi kila kitu kilionekana sawa. Lakini ndani ya faili namba ilibaki ya herufi ya awali. Siku mfumo mpya uliposakinishwa bila fonti ile, maandishi yaligeuka fujo isiyosomeka. Hatari hii haijaisha: aliyehifadhi kazi yake kwa hila hiyo anaweza kuipoteza siku ya kubadili toleo, ingawa faili lenyewe halikufutwa.

Dawa ilipatikana katika kanuni ya Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ambayo nia yake ni kuipa kila herufi ya dunia namba yake peke yake. Humo zimo p, ch na v za Kiarabu chenye vitone, na imo ghain yenye vitone vitatu, ambayo ni maarufu katika maandishi ya Kimalei kwa sauti ng'. Mwaka 2005 Unicode 4.1 iliongeza safu ya herufi za Kiarabu ambazo nyingi zake ni za lugha za Afrika. Kwa hiyo herufi nyingi muhimu za Lamu ziliingia katika kompyuta kama abiria waliopanda chombo cha watu wengine: Waajemi, Wakurdi na Wamalei.

Windows XP ya mwaka 2001 ilijengwa juu ya Unicode. Hata hivyo, katika toleo lake la Kiingereza, uwezo wa kuandika kutoka kulia kwenda kushoto haukusakinishwa wenyewe. Ilimpasa mtumiaji afungue mipangilio ya lugha, atie alama katika kisanduku kimoja kidogo, kisha aingize tena diski ya mfumo. Fundi asiyejua haja ya mteja wake alikipita kisanduku kile, na mashine ikabaki bila uwezo ule. Tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, uwezo huo uliwekwa tangu mwanzo. Tofauti hii kati ya matoleo mawili haikutajwa sana katika matangazo ya biashara, lakini kwa mtu mwenye hati za Kiarabu mkononi ilikuwa kubwa kuliko mapambo yote ya kiwambo.

Mfumo waanza kusema Kiswahili

Mwaka 2004 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia hii. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitafsiri programu huria za ofisi na mwezi Desemba ukatoa Jambo OpenOffice. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza nia ya kuleta Kiswahili katika programu zake, ikiwashirikisha wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki kuandaa orodha ya istilahi. Baadaye Windows XP ikapata kifurushi cha kiolesura cha Kiswahili. Mwezi Oktoba 2004 pia lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, aina ya Linux iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa aliyeomba, hadi mpango huo ulipokoma mwaka 2011.

Njia hizi mbili zilitofautiana. Kifurushi cha Microsoft kilikuwa vazi lililovaliwa juu ya mfumo wa Kiingereza: sehemu zilizotumika sana zilitafsiriwa, na zilizobaki zilijitokeza kwa lugha ya chini yake. Programu huria, kwa upande wake, ziliacha msimbo wake wazi, hata mtu yeyote mwenye ujuzi angeweza kuongeza lugha, lahaja au kibodi bila kuomba ruhusa ya kampuni. Uwazi huo ulizaa matunda kwa maandishi ya Kiarabu. Katika miaka ya 2010, Kevin Donnelly alitengeneza juu ya Linux mkusanyiko wa vifaa uitwao Andika!, unaomwezesha mtu kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza kutoka hati moja hadi nyingine.

Hata hivyo, katika njia zote mbili Kiswahili kilichoingia kilikuwa kile cha mwaka 1928. Windows iliorodhesha lugha hii kwa jina la Kiswahili (Kenya), ingawa msingi wa usanifu wake ni lahaja ya Unguja. Katika kanuni ya kimataifa ya majina ya lugha, Kiswahili cha pwani kina alama swh na kile cha Kongo kina swc; Kiamu hakina alama yake. Anayeandika ndia kwa maana ya njia, mato kwa maana ya macho, au moya kwa maana ya moja, anaandika maneno ambayo kikagua tahajia kilichojengwa juu ya Kiswahili sanifu kitayatilia shaka. Yeye mwenyewe anaweza kuyaongeza katika kamusi ya mashine yake, neno baada ya neno. Lakini kamusi hiyo nayo inaweza kufutika mfumo mpya unaposakinishwa juu ya wa zamani, isiponakiliwa kwanza.

Toleo linapokwisha muda wake

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini asibaki na toleo alilolizoea? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii ina hekima, na wengi waliobaki na Windows XP kwa miaka mingi waliifuata bila kuitaja. Lakini mbacha nao huchakaa. Mtengenezaji anapoacha kulirekebisha toleo, nyufa zinazogunduliwa na wahalifu hubaki wazi. Windows 98 iliachwa mwaka 2006, Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Toleo lililofuata, Windows 11 la mwaka 2021, lilileta sharti jipya. Linataka kichakataji cha biti 64 kilicho katika orodha iliyoidhinishwa, kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika, ambazo ndizo shule na maktaba ndogo huzimudu, hazitimizi masharti hayo hata kama bado ni nzima. Linux huwapa wengi wa watu hawa njia nyingine, kwa kuwa matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka kila miaka miwili na hurekebishwa bure kwa miaka mitano. Lakini hata hapo mlango si wazi kwa wote: tangu mwaka 2017 Ubuntu iliacha kutoa diski ya mezani kwa mashine za biti 32. Hivyo haifai kusema kwamba mfumo fulani ni bora kwa kila mtu. Linalofaa ni kuuliza kazi iliyopo ni ipi.

Kazi iliyopo Lamu

Kazi hiyo ni kubwa. Hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha za kidijiti chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, katika mradi namba 466. Jambo hili ni la kushukuriwa, kwani chumvi, unyevu na mchwa hawasubiri. Lakini picha ya ukurasa, kwa kompyuta, ni picha tu, sawa na picha ya jahazi. Mtafiti hawezi kuiuliza neno fulani limetajwa wapi. Ili ukurasa uweze kutafutwa, kupangwa na kulinganishwa na mwingine, hapana budi mtu auandike upya, herufi kwa herufi, katika mfumo unaozijua herufi zenyewe. Mwenye kufaa zaidi kwa kazi hii ni msomi wa hapohapo, anayejua kwamba umbo hili ni pamba wala si baba.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu ufuatao kwa maktaba, madrasa au mtu binafsi anayetaka kubadili mfumo.

Kwanza, atambue mashine yake kabla ya kutamani toleo: kichakataji, kumbukumbu na ukubwa wa diski. Pili, anakili mafaili yote mahali pawili nje ya mashine, na ayafungue huko kuhakikisha kwamba yanasomeka. Yaliyoandikwa kwa fonti za hila yageuzwe kuwa Unicode kwanza, wakati mfumo wa zamani na fonti yake vingali hai. Tatu, aujaribu mfumo mpya kabla ya kuusakinisha. Ubuntu huweza kuwashwa kutoka kwenye kijiti cha kumbukumbu bila kugusa diski. Kwa Windows, inafaa kutafuta mtu aliye nayo na kumwomba nafasi ya saa moja.

Nne, ajaribu kwa maneno. Aandike kwa herufi za Kiarabu: kuvua, kufua, chuo, pamba, gari. Ahifadhi, azime, awashe, afungue tena. Kisha apeleke faili lilelile kwenye mashine nyingine. V ikibaki v katika mashine zote mbili, mfumo umefaulu mtihani ulio muhimu kuliko yote. Tano, achague kibodi kwa makini. Kibodi ya Kiarabu cha kawaida haimtoshi. Ile ya Kikurdi cha Iraq, iliyoingizwa katika Windows 8 mwaka 2012, ina p, ch na v, na katika Linux anaweza kuunda ya kwake. Mwisho, aandike katika daftari la karatasi toleo alilosakinisha, tarehe, kibodi na fonti. Atakayesakinisha baada yake atalihitaji daftari hilo.

Hitimisho

Tumeona kwamba mambo mengi yanayomkuta mwandishi wa Lamu mbele ya kompyuta hayakuanza na kompyuta. Yalianza pale lahaja moja ilipoteuliwa na hati moja ilipopendelewa, yakaendelea pale jedwali la namba lilipoisahau herufi moja, na yakapungua pale Unicode ilipowafungulia wote mlango. Mwaka 1928 swali la lugha na herufi liliamuliwa mkutanoni Mombasa. Leo, diski ya kusakinisha inapowashwa, miongoni mwa maswali yake ya mwanzo ni lugha na kibodi, na huuliza maswali hayo ndani ya chumba chenyewe, Amu au Pate au Siyu. Fundi mwenye haraka hubonyeza jibu lililokwisha kuwekwa na kuendelea. Inafaa wakati huo aliyeketi karibu naye awe ni mwenye hati, na awe amekwisha kuamua jibu lake.